Kaniki ya Bibi na Mkono wa Mwingereza

Bibi yangu mzaa baba alikuwa na kaniki mbili. Moja alijifunga mwenyewe, na ya pili alimfunika nayo mdogo wangu wa mwisho kila mtoto alipotaka kutoka nje. Mdogo wangu huyo alizaliwa mwaka 1966 kijijini kwetu, katika nyanda za juu za Njombe, akiwa na ualbino. Siku hizo watu walimwita kwa jina ambalo leo tumekubaliana kuliacha, nami sitaliandika hapa. Bibi hakumwita hivyo hata siku moja. Alimwita mjukuu, akamfunika kaniki toka utosini hadi viwiko, na kumruhusu kwenda kucheza.

Anayeijua Njombe anajua kwamba huko hakuna joto la kumkimbiza mtu. Mwezi wa sita na wa saba ukungu hushuka hadi mlangoni, na watu huota moto mchana kweupe. Hata siku hizo bibi alimfunika mtoto. Majirani walicheka. Walimwuliza jua liko wapi, naye akajibu kwamba jua huwa lipo hata usipoliona. Wakacheka tena.

Mwezi wa Desemba mwaka 1973 nilirudi nyumbani kwa likizo kutoka chuo cha ualimu, kijana wa miaka ishirini, mwalimu mtarajiwa wa sayansi. Msomaji aliyepata kuwa kijana msomi wa kwanza katika ukoo wake anajua maradhi yaliyonishika. Kila nilichokiona nyumbani nilitaka kukisahihisha. Nilipomwona mdogo wangu, msichana wa miaka saba, akitembea ndani ya kitambaa cheusi kama furushi, nilimwambia bibi kwamba anamtesa mtoto. Nguo nyeusi hufyonza joto, nikamwambia, na nguo nyeupe hulirudisha. Mtoto huyu ngozi yake haiwezi jua, nawe unamvika kitu cha kulivuta jua!

Bibi hakuelewa, au nilidhani hakuelewa. Kwa hiyo nilifanya kama tulivyofundishwa. Nilichukua makopo mawili ya maziwa, moja nikalipaka masizi, la pili nikalisugua hadi likang'aa. Nikayajaza maji sawasawa, nikayaweka uani. Baada ya saa moja nikamwita bibi atie kidole. Akatia huku, akatia kule. Akasema, "Kweli, mwalimu, hili jeusi lina joto." Halafu akafuta kidole chake kwenye kaniki, akasema, "Lakini mtoto si kopo."

Niliona hilo ni jibu la mtu aliyeshindwa. Mama alikuwa upande wangu, maana karo yangu ilikuwa imekula ng'ombe wawili na ilibidi ionekane imezaa kitu. Nikanunua mjini shati mbili nyeupe za pamba, nyepesi, za mikono mifupi. Tukakubaliana mtoto akae ndani saa za joto, kuanzia saa sita hadi saa tisa, na siku za baridi na mawingu awe huru kama wenzake. Kaniki ikakunjwa. Kama nataka kusema ukweli wote, na sioni faida ya kuandika kurasa hizi kama sitausema, si sayansi peke yake iliyonisukuma. Kaniki ilikuwa nguo ya maskini. Niliona aibu.

Bibi alifariki mwaka 1981. Mwaka 1989 mdogo wangu, akiwa na miaka ishirini na mitatu, alipata kidonda begani, karibu na shingo, ambacho hakikupona. Tulikitibu kwa dawa za dukani, kisha kwa miti shamba, kisha kwa kusubiri, ambayo ndiyo dawa inayotumika kuliko zote. Tulipomfikisha hospitali kubwa, daktari alisema ni saratani ya ngozi, na kwamba tuna bahati bado haijashika tezi. Akaikata. Wakati akiandika cheti chake aliuliza, "Huyu alikuwa akivaa nini alipokuwa mtoto?" Mimi nilikuwa nimesimama pale, kaka mtu, mwalimu wa sayansi wa miaka kumi na tano kazini. Nikajibu kwamba alikuwa akivaa shati jeupe. Daktari akatikisa kichwa, akaendelea kuandika. Hakusema neno la lawama. Pengine aliuliza tu kwa desturi ya kazi. Lakini swali lile nimelibeba tangu siku hiyo, nalo ndilo lililonifanya nianze kutafuta na kusoma historia ya jambo hili: watu walijuaje kwamba jua huunguza kwa kitu kingine kisichokuwa joto?

Habari yenyewe inaanza na vipimajoto. Mwaka 1800 William Herschel, mnajimu aliyezaliwa Ujerumani na kuishi Uingereza, aliupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembetatu ukatawanyika rangi za upinde wa mvua. Akaweka kipimajoto katika kila rangi. Alipokiweka nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni mwanga wowote, kikapanda zaidi. Kumbe jua lina miale ya joto isiyoonekana. Mwaka uliofuata, 1801, Johann Wilhelm Ritter kule Jena akajiuliza kama upande wa pili nao una siri yake. Hakutumia kipimajoto. Alitumia chumvi ya fedha, ambayo huwa nyeusi ikipigwa na mwanga. Aligundua kwamba inakuwa nyeusi upesi zaidi nje ya rangi ya urujuani, penye giza tupu. Hiyo ndiyo miale tunayoiita leo urujuanimno. Basi tangu mwanzo mambo yalikuwa wazi kwa mwenye kutaka kuyaona: upande mmoja wa upinde kuna joto, upande wa pili kuna kitu kinachobadili vitu bila kuvipasha moto. Nilikuwa nikifundisha mambo hayo mawili katika vipindi viwili tofauti, bila kuyagonganisha hata mara moja.

Aliyeyagonganisha, kwa namna yake, alikuwa daktari mpasuaji wa London, Sir Everard Home. Sijui nimwambie nini msomaji juu ya mtu huyu. Hakuwa mtu wa kuigwa. Shemeji yake, John Hunter, mpasuaji mashuhuri, alipofariki aliacha maandishi mengi sana. Home aliyachukua, na mwaka 1823 akayachoma moto, na wengi wamemshuku kwamba alikuwa amekwisha kuyanyonya na kuyatoa kama yake. Lakini mwaka 1820 alifanya jaribio ambalo laiti ningelijua mwaka 1973.

Swali lililomsumbua Home lilikuwa lile lile la makopo yangu. Kama kitu cheusi hufyonza joto zaidi, kwa nini watu wa nchi za jua kali wana ngozi nyeusi? Ilionekana Mungu amekosea hesabu. Home akatoa mikono yake miwili juani wakati wa adhuhuri. Mmoja aliuacha wazi, wa pili akaufunika kitambaa cheusi. Akaweka vipimajoto kwenye mikono yote miwili. Mara zote, mkono uliofunikwa ulikuwa na joto zaidi. Na mara zote, mkono ulioachwa wazi ndio uliobabuka. Ule wa chini ya kitambaa haukupata kitu. Akatangaza matokeo yake mwaka 1821 katika jarida la Royal Society, akisema kwamba weusi wa ngozi ya Mwafrika ni ngao: unaukamata mwanga kabla haujadhuru, hata kama kwa kufanya hivyo joto linaongezeka kidogo.

Nakala ya maandishi hayo aliniletea binti yangu mwaka 2011, alipokuwa akisomea udaktari. Nilisoma ukurasa ule wa kitambaa cheusi na mkono, nikainuka, nikatoka nje nikakaa chini ya mwembe. Mtoto si kopo. Bibi alikuwa amenipa jibu la Home kwa maneno matatu.

Ni mwanga wa namna gani, hilo lilingoja karibu miaka sabini. Mwaka 1889 huko Stockholm, Erik Johan Widmark alitumia taa kali ya umeme ya kaboni, akatenga miale na kuonyesha kwamba inayobabua ngozi ni urujuanimno, wala si joto. Baada ya hapo wazungu wa kaskazini, watu wasio na jua la kutosha, wakaanza kulitazama jua kama dawa. Niels Finsen, mzaliwa wa visiwa vya Faroe, mgonjwa wa muda mrefu yeye mwenyewe, alikusanya miale hiyo kwa lenzi na taa za umeme akawatibu kule Copenhagen watu waliokuwa na kifua kikuu cha ngozi, ugonjwa uliokuwa ukila pua na mashavu. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mhandisi, mwaka 1895. Finsen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 na akafariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Mwaka 1919 Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwamulika kwa taa ya zebaki watoto wenye matege, mifupa yao ikakomaa. Alipommulika mtoto mkono mmoja tu, mifupa ya mkono wa pili nayo ikapona, dalili kwamba ngozi iliyopigwa na mwanga inatengeneza kitu na kukipeleka mwili mzima. Kitu hicho tunakijua leo kuwa vitamini D.

Nayasema haya kwa sababu sitaki msomaji adhani jua ni adui tu. Ngozi na jua vina mkataba wa zamani sana. Wataalamu Nina Jablonski na George Chaplin walieleza mwaka 2000 kwamba rangi za watu duniani zinafuata nguvu ya urujuanimno mahali walipoishi mababu zao: karibu na ikweta ngozi nyeusi, kuulinda mwili na hasa folati ya damuni ambayo mwanga huiharibu, mbali na ikweta ngozi nyeupe, ili mwanga mdogo uliopo utoshe kutengeneza vitamini. Home alikuwa amegusa mlango tu.

Lakini waliokuja kututawala huku kwetu hawakuyajua hayo, na walioyajua nusu walifanya vituko. Wazee wanakumbuka zile kofia ngumu nyeupe walizovaa mabwana shauri, na vitambaa walivyoweka mgongoni kulinda uti. Waliamini miale ya jua la Afrika inapenya fuvu na kuchemsha ubongo, hivyo hata siku ya mawingu Mzungu hakuthubutu kutoka bila kofia yake. Huko Ufilipino jeshi la Marekani liliwavisha mamia ya askari nguo za ndani za rangi ya machungwa na nyekundu, likitumaini rangi hiyo itazuia miale. Ripoti ikatoka mwaka 1910: hazikusaidia kitu, tena ziliongeza joto. Nilicheka niliposoma habari hizo, kisha nikaacha kucheka. Angalau wao walikosea kwa kujikinga kupita kiasi, tena siku za mawingu. Mimi nilikosea kinyume chake.

Maana hilo la mawingu ndilo kosa langu kubwa, kubwa kuliko shati. Joto unalolisikia mwilini halikupi habari ya urujuanimno. Wingu jepesi huzuia joto, tukafurahia ubaridi, lakini sehemu kubwa ya miale hiyo hupita. Na kadiri unavyopanda mlima hewa inakuwa nyembamba na miale inazidi, kama asilimia kumi hivi kwa kila mita 1,000. Kijiji chetu kiko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mtoto wa Njombe anayetetemeka kwa baridi anaweza kupokea miale mingi kuliko mtoto wa Tanga anayetokwa jasho. Zile siku za ubaridi nilizompa mdogo wangu uhuru ndizo zilizomwunguza polepole, bila yeye wala sisi kujua.

Mwaka 1928 daktari G. M. Findlay wa London alipowamulika panya kwa taa ya urujuanimno mara kwa mara, wakaota saratani. Baadaye ilifahamika kinachotokea ndani ya seli. Miale hiyo, hasa ya urefu wa nanometa 280 hadi 315, hufyonzwa na DNA yenyewe na kuunganisha herufi zilizo jirani ambazo hazikupaswa kushikana. Seli hutengeneza upya sehemu iliyoharibika, kazi ya kila siku ya kila mmoja wetu. Zikizidi, nyingine husahaulika, na baada ya miaka mingi seli moja iliyosahaulika huanza kujizalia bila mpango. Melanini, ule weusi wa ngozi, hukaa juu ya kiini cha seli kama mwavuli. Mdogo wangu hakunyimwa seli zinazotengeneza melanini. Anazo kama nilizonazo mimi. Zinashindwa tu kumaliza kazi. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walionyesha kwamba wengi wenye ualbino kusini na mashariki mwa Afrika wanabeba hitilafu ile ile moja, kipande kilichokatika katika jeni iitwayo OCA2. Baba na mama wote wawili waliibeba bila kujua. Hata mimi huenda ninayo.

Na nguo? Shati jeupe la pamba nyepesi hupitisha urujuanimno kwenye vitundu vya ufumaji wake, na likilowa jasho au mvua hupitisha zaidi. Kinachozuia ni uzi ulioshonana, uzito wa kitambaa, na rangi nzito. Kaniki ilikuwa na vyote vitatu. Kitambaa hicho kililetwa pwani yetu toka Uhindi tangu enzi za misafara, kimetiwa nili hadi kikakaribia weusi, na kikapanda bara pamoja na merikani, ile nguo isiyotiwa rangi iliyokuja kwa meli kutoka Salem huko Marekani. Bibi aliichagua kaniki, hakuichagua merikani. Sikumwuliza kwa nini. Labda alijaribu zote mbili juu ya mtoto mwingine, zamani, ambaye hatukusimuliwa habari zake. Katika ukoo wetu wapo watoto waliotajwa kwa kunong'ona.

Siwezi kusema kwamba shati langu ndilo lililoleta saratani. Binti yangu, ambaye sasa ni daktari, ananikataza kusema hivyo. Anasema ni miaka yote, shamba lote, shule yote, na kwamba hata kaniki isingefunika uso na mikono. Mwaka 1985 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha uchunguzi wao juu ya ngozi za watu wenye ualbino nchini, wakaonyesha kwamba uharibifu huanza tangu utotoni kabisa. Lakini nani angeupeleka uchunguzi huo Njombe? Mwaka 1992 kilianzishwa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kule KCMC, Moshi, na baadaye yakaanza kutengenezwa hapo mafuta ya kuwakinga na jua. Mdogo wangu alipata kopo lake la kwanza akiwa amekwisha kupasuliwa mara mbili, mara ya pili mwaka 2003, sikioni. Tumesikia mengi juu ya mauaji ya watu kama yeye, na ni haki tuyapigie kelele. Jua limeua wengi zaidi, na halikupigiwa kelele.

Namkubalia binti yangu kwa sehemu. Lakini kovu la kwanza liko begani, pale mkunjo wa kaniki ulipokuwa ukikaa.

Mdogo wangu ni fundi cherehani mjini Makambako. Hushona akiwa ndani, mlango umeelekea kusini, na akitoka huvaa kitenge kizito cha mikono mirefu, kofia pana, na mwavuli. Mwaka jana nilikwenda kumtembelea nikiwa na ile nakala ya maandishi ya Home. Nilimsomea, nikimtafsiria polepole habari za mikono miwili, kipimajoto na kitambaa cheusi. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi, jambo ambalo kwa miaka hamsini sikuwa nimelifanya, kwa kuwa wakati wote nilijiambia hajui.

Alisikiliza akishona. Nilipomaliza alisimamisha cherehani.

"Kaka," akasema, "kaniki ile ilikuwa inawasha shingoni. Siku ile uliyoniletea shati nilifurahi mno. Nilikimbia nalo hadi mtoni."

Nikasema najua. Nikasema hilo ndilo linalonisumbua.

Akanyamaza kidogo, akakata uzi kwa meno. Kisha akauliza kama yule Mwingereza, mkono wake ulioachwa wazi, ulipona. Nikamwambia bila shaka ulipona, ulikuwa umebabuka tu. Akasema afadhali, akaniomba nisogeze kiti changu maana nilikuwa namzibia mwanga wa sindano.